Keki Nyepesi ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Uzito kilo 54.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya matofali na nondo. Kuanzia leo ni la mke wangu. Ijumaa aliruhusiwa kutoka hospitali. Moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na muuguzi ameagiza apimwe uzito kila asubuhi kabla hajanywa chochote, tuandike. Maelezo mengine alipewa shemeji, dada yake mkubwa, maana wakati huo mimi nilikuwa getini natafuta teksi. Nimeona nikiandika namba peke yake nitasinzia juu ya daftari, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Kazini hakuna kazi. Mtaro wa msingi umejaa maji hadi kiunoni, msimamizi kasema tusubiri mvua ipungue. Mimi ni mwashi. Mwashi ukimfungia ndani anakuwa kama mbuzi sebuleni. Shemeji amekuja na mabegi mawili na jikoni amekwishakuteka. Kimoyomoyo nimempa jina: Jenerali.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. 54.

Alhamisi, 7 Machi

53 na nusu. Mvua haijakatika.

Hali chakula. Jenerali anapika bila chumvi kama daktari alivyosema, na mke wangu anaonja kijiko kimoja, anasukuma sahani. “Chakula chenu kina ladha ya karatasi,” anasema. Huyu ndiye mwanamke ambaye keki yake ya matunda ilikuwa ikinukia mpaka kona ya mtaa, ile yenye chengachenga za unga na siagi juu. Siagi pakiti nzima, sukari vikombe viwili. Daktari alipoisikia alishika kichwa.

Nimezunguka sebuleni mpaka Jenerali akapaza sauti kutoka jikoni: “Shemeji, keti! Utatoboa sakafu!”

Sakafu nimeimwaga mwenyewe. Haitoboki.

Ijumaa, 8 Machi

53 na nusu. Nimeamua. Nitaoka keki ile ile, ila nyepesi. Nimemwomba mke wangu vipimo.

“Havijaandikwa popote,” akasema. “Ni mkono tu.”

“Basi niambie mkono unafanyaje.”

“Fundi, wewe hata yai hujawahi kukaanga.” Hilo la Fundi ndilo jina analoniita tangu tulipooana. Akageukia ukutani, lakini nimeona bega likitikisika. Alikuwa anacheka. Ni mara ya kwanza tangu arudi.

Jumatatu, 11 Machi

53. Mvua ya mawe kidogo mchana.

Keki ya kwanza. Nimetumia nanasi kwa sababu ndilo lililokuwepo. Siagi nimepunguza, sukari nimepunguza, na mahali pa siagi nimetia mtindi. Hesabu yangu ilikuwa ya kifundi: ukipunguza saruji, ongeza kokoto. Nikajaza nanasi.

Nanasi limetoa maji yote ndani ya oveni. Katikati pamedidimia kama barabara yetu. Juu pameungua, chini uji. Jenerali alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama.

“Hii unaila au unaizibia ufa?”

Nimekula mwenyewe kipande kizima mbele yake, kwa ukaidi. Tumbo linaniuma ninapoandika.

Jumanne, 12 Machi

53. Mke wangu ameteleza njiani akienda chooni, hakuumia. Jenerali ndiye aliyemwinua, mimi nilikuwa nachekecha unga. Nimemwambia awe anaangalia anapokanyaga.

Ijumaa, 15 Machi

53 na nusu. Mvua, lakini siku njema kupita zote.

Nimepata matufaha. Magumu, ya uchachu, ambayo hayatoi maji mengi. Mke wangu hakuweza kuvumilia kusikia ninavyofanya, akaanza kunielekeza kutoka chumbani, kupitia ukutani.

“Unga kikombe kimoja na nusu! Beking pauda kijiko kidogo, usikifanye mlima!”

“Nimeweka!”

“Mafuta vijiko vitatu. Mtindi nusu kikombe. Mayai piga na sukari kwanza. Hujapiga. Mbona sisikii?”

Nikapiga ili asikie. Nilipochanganya na unga nikashika mwiko kwa mikono miwili.

“Wee! Usikoroge kama zege! Ukiona unga mkavu umeisha, acha. Ukizidisha inakuwa tofali.”

“Mwiko ni mwiko,” nikamwambia. “Miaka thelathini naushika.”

“Wako ni wa kujengea. Huo ni wangu.”

Chengachenga ndizo zilizonitoa jasho. Vijiko viwili tu vya siagi, tena baridi, unaifikicha na unga na sukari kidogo kwa ncha za vidole mpaka iwe kama mchanga mbichi. Vidole vyangu ni vinene na vina joto, siagi inayeyuka kabla haijashika unga. Nikavitumbukiza kwenye maji baridi, nikavikausha, nikaanza tena. Hapo ikakubali. Nikatia mdalasini na maganda ya limau yaliyokwanguliwa, nikanyunyiza juu ya matufaha.

Ilipoiva nyumba nzima ilinukia. Alikula kipande chote akitazama dirishani. “Imekaa,” akasema.

Nimetoka nje nikasimama mvuani dakika nzima kama mwendawazimu.

Jumatatu, 18 Machi

54 na nusu! Kilo nzima tangu Ijumaa. Nimeoka tena jana na leo nitaoka tena.

Jumatano, 20 Machi

56. Mvua. Anakula keki asubuhi na jioni. Chakula kingine bado anakisukuma, lakini keki hairudi jikoni. Nimempigia binti yetu simu kumwambia mama yake ananawiri. Akalia kwa furaha. Na mimi nusura.

Ijumaa, 22 Machi

57. Tumegombana mimi na Jenerali.

Nilikuwa naandika namba, napiga mluzi. Akaja akasimama nyuma yangu, akasoma daftari bila kuomba. “Shemeji, hizi kilo haziendi vizuri. Muuguzi alisema uzito ukipanda haraka tumrudishe.”

“Anakula,” nikasema. “Mtu akila ananenepa.”

“Vipande viwili vya keki ndivyo kilo tatu na nusu kwa wiki moja?”

“Kinachokuuma ni kwamba uji wako unarudi na keki yangu hairudi.”

Nilitegemea anijibu, maana ulimi anao. Badala yake alichukua beseni la nguo akaenda kuanika barazani, nguo ambazo kwa unyevu huu hazikauki hata wiki nzima. Mke wangu naye alisikia kila neno.

Siwezi kukaa. Nimepanga na kupangua vifaa vyangu mara tatu. Nimenoa hata mwiko.

Jumapili, 24 Machi

58. Viatu vimemkataa, amevaa ndala zangu. Anasema anapumua vizuri zaidi akiwa ameketi, kwa hiyo nimempangia mito mitano. Keki ameila nusu. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Sikupima.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, jioni, nguo zimenikaukia mwilini.

Saa moja asubuhi nilikuwa nakata matufaha. Nikasikia Jenerali akiita jina langu, jina langu halisi, ambalo hajawahi kuliita tangu nilipomwoa mdogo wake. Nikaacha kisu. Mke wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, mdomo wazi, akivuta pumzi fupifupi zenye mlio wa maji yanayochemka. Midomo imekuwa ya kijivu. Alinitazama kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ufukoni.

Nikapiga simu kwa dereva wa teksi. Akasema anaweza kufika barabara kuu tu, njia yetu imekatika, gari litanasa. Kutoka kwetu hadi barabara kuu ni kama mita mia nne za tope. Kumbeba mgongoni isingewezekana, akiinama kidogo tu anakosa pumzi. Nikasimama pale ukumbini, sijui pa kuanzia. Ni Jenerali aliyesema:

“Toroli.”

Toroli langu la zege, ndiyo. Nikamwaga maji ya mvua yaliyokuwamo, tukatandika godoro dogo na mito ile mitano, tukamketisha ameegemea, miguu inaning'inia mbele. Jenerali alitembea ubavuni ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amemshika mdogo wake kifuani asidondoke. Nimesukuma matoroli maisha yangu yote. Nimesukuma zege, mawe, vifusi. Sijawahi kusukuma kitu kizito kama kile, na mke wangu ni mwembamba. Mara mbili gurudumu lilizama. Mara ya pili Jenerali alitupa mwavuli, akaingia topeni hadi magotini, akainua toroli kwa mbele kama mwanamume wa kazi. “Sukuma, shemeji! Sukuma!”

Seremala wa jirani alituona, akatoka na kaptura akatusaidia mita za mwisho. Alichokisema sikukisikia.

Hospitali walimwekea hewa puani na sindano ya dawa ya kutoa maji. Baada ya saa kadhaa daktari alitoka, kijana, miwani imejaa ukungu. Nikamwonyesha daftari. Nadhani nilitaka anisifu. Akafuata namba kwa kalamu, mstari kwa mstari.

“Mzee, nani alikuwa anaandika hizi?”

“Mimi.”

“Na hukuja?”

Nikamwambia nilidhani ni keki. Nilijisikia nikilisema neno hilo, keki, katika korido ile, na watu wanasikia.

“Ni maji,” akasema taratibu. “Hizi kilo zote ni maji. Moyo ukishindwa kuyasukuma yanabaki mwilini, yanapanda hadi kwenye mapafu.”

Nina pimamaji tatu nyumbani. Nimepima kuta za watu, sakafu za watu, ngazi za watu. Maji yaliyokuwa yakipanda ndani ya mke wangu niliyaandika kila asubuhi kwa mwandiko mzuri, nikapiga mluzi.

Jenerali ameketi mwisho wa benchi. Hajasema “nilikwambia.” Angesema ningepata nafuu.

Jumanne, 26 Machi

Amelala ameegemea. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Ametolewa mrija wa hewa. Anaongea. Daktari alimuuliza kuhusu vidonge vya kutoa maji alivyorudi navyo nyumbani mara ya kwanza, akakiri mwenyewe: aliacha kuvimeza tangu tarehe kumi na mbili. Alikuwa anavificha ndani ya foronya ya mto.

Daktari alipoondoka nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anatazama dari.

“Kidonge kile ukikimeza unakwenda chooni mara nane, mara tisa. Choo kiko nyuma ya nyumba, Fundi. Hatua thelathini na mbili, nimezihesabu. Kwenye tope, kwenye mvua, na miguu haina nguvu. Siku ile nilipoteleza nililala pale chini nikatazama mawingu nikasema, basi. Bora nisikojoe.”

“Ungeniambia.”

“Nikwambie nini? Ulikuwa na keki yako.” Akafumba macho. “Sikuwa nasikia njaa. Nilikuwa naila ili ufurahi. Vipande vingine nilivishushia na chai.”

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimekwenda nyuma nikahesabu. Zangu ni ishirini na nne. Zake ni thelathini na mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeanza kuchimba. Choo kitakuwa ubavuni mwa chumba chetu, nitatoboa mlango kwenye ukuta. Nimefunga turubai juu, maji yanaingia hata hivyo. Nachota kwa ndoo, nachimba, nachota. Seremala ameahidi mlango.

Miaka ishirini na sita tunaishi hapa. Nimewajengea watu vyoo vya ndani visivyo na idadi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Matofali mistari minne.

Alhamisi, 4 Aprili

Jenerali anashinda hospitali asubuhi, mchana anarudi, anafunga kanga kiunoni anakoroga udongo na saruji. Mwanzo nilimkataza. Akaniambia nimpishe. Anakoroga vizuri kuliko vibarua wengine niliowahi kufanya nao kazi.

Leo tulipumzika chini ya turubai, kila mmoja na kikombe chake. Akasema bila kunitazama: “Mume wangu alianza hivihivi. Suruali zikambana, nikamwambia umenenepa, ndoa imekupenda. Nikamchekea. Wiki mbili.”

Mazishi yake nilihudhuria, jeneza nilibeba. Sikuwahi kuuliza siku zake za mwisho zilikuwaje.

“Nilichokwambia siku ile kuhusu uji,” nikaanza.

“Udongo unakauka, shemeji,” akasema, akainuka.

Jina lile nimelifuta moyoni. Ni shemeji yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Kilo 51, za hospitali. Daktari anasema sasa huu ndio uzito wake wa kweli. Nimeutazama mkono wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa amekonda wakati mimi nikishangilia.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua nyepesi. Amerudi. Vigae vilikuwa havijakauka vizuri ila mlango umekaa, maji yanatoka, pa kushikilia ukutani pameshikamana hata mimi nikining'inia.

Nilimwongoza chumbani nikafungua mlango mpya. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa shukrani, sijui. Alisimama akatazama kile choo cheupe, vigae, taa. Akafungua bomba, akafunga.

“Wiki mbili,” akasema.

“Ndiyo. Tumefanya kazi mimi na dada yako usiku na—”

“Wiki mbili tu. Ilikuwa inawezekana kwa wiki mbili.” Akanigeukia. “Nimezaa nikienda kule nyuma. Nimeugua nikienda kule nyuma. Ilikuwa lazima nife kwanza?”

Shemeji alichukua begi akatoka.

Jumapili, 14 Aprili

51. Haongei nami.

Jumatatu, 15 Aprili

51. Haongei. Anameza dawa mbele ya dada yake. Nasikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Nimepaka rangi uzio ambao hauhitaji rangi, mvua imeiosha.

Jumatano, 17 Aprili

51 na robo. Nilimwambia kupitia mlangoni: “Sikukuona. Siyo kwamba nilikataa, sikukuona kabisa, na hilo ni baya zaidi.” Kule kujigeuza kitandani kukakoma.

Jumatatu, 22 Aprili

51 na nusu. Jua lilitoka kwa muda wa saa moja hivi, likarudi lilikotoka.

Matufaha yalikuwa yanaanza kunyauka, nikaona bora niyaoke kuliko kuyatupa. Sikukusudia kumpa. Nilikuwa nimeinama kwenye bakuli, nafikicha siagi, niliposikia kigoda kikiburutwa. Ameketi karibu na meza, amejifunika shuka mabegani.

“Unaminya,” akasema. “Hufikichi. Lete.”

Nikamsogezea bakuli. Vidole vyake vimekonda, pete inazunguka, lakini siagi ilivitii mara moja. Unga ukawa chengachenga, nyingine ndogo, nyingine kubwa kama punje za mahindi. Alipumzika, akaendelea. Mimi nilikata matufaha, na mara hii nilimuuliza: vipande vikubwa au vidogo?

“Vyembamba. Viive kabla ya unga kukauka.” Kisha, akiwa bado anatazama bakuli: “Bado nina hasira.”

“Najua.”

“Usifikiri choo kimeimaliza.”

“Sifikiri.”

“Haya. Washa oveni.”

Hakula. Nami sikumkatia. Shemeji alikula vipande vitatu akasema afadhali mtu ameokoa unga.

Jumapili, 28 Aprili

52. Mvua ya manyunyu. Amekula ugali na samaki, limau badala ya chumvi, akamaliza. Kisha akaegemea mito, akalala. Nimesikiliza pumzi zake mchana wote kama mtu anayesikiliza paa linalovuja.

Ijumaa, 3 Mei

52 na nusu. Msimamizi amepiga simu: mtaro umekauka, Jumatatu kazini. Shemeji naye anaondoka kesho, nyumba yake imefungwa miezi miwili. Nikasema nitamwambia msimamizi atafute mwashi mwingine kwa sasa. Mke wangu akaweka kikombe chini.

“Utakaa hapa unifanyie nini?”

“Nikuangalie.”

“Umeniangalia mwezi mzima wa Machi,” akasema. Halafu, polepole kidogo: “Nenda, Fundi. Nikizidiwa nitasema. Mara hii nitasema.”

Sina raha. Lakini nitakwenda. Daftari namwachia.

Jumatatu, 6 Mei

Leo naandika mimi, mke wake. Jua.

Kilo 52 na nusu, miguu haina uvimbe, vidonge vyote nimemeza. Fundi aliaga akaondoka, akarudi kuniuliza kama simu ina chaji, akaondoka, akarudi kuangalia bomba. Mara ya tatu nilimfungia mlango.

Nilipobaki peke yangu nyumba ilikuwa kimya sana. Nikachekecha unga. Nimeoka polepole, napumzika kila hatua: unga, nakaa, mayai, nakaa. Plamu nimezipata kwa mke wa seremala, nilizifuata mwenyewe hadi kwake, ng'ambo ya njia, tukaongea barazani mpaka akasahau chungu chake jikoni. Nilirudi nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyetembea, si ule mwingine.

Keki imetoka bila kudidimia katikati. Sukari nimeipunguza zaidi, plamu zina yake. Nilikuwa nimepanga nimsubiri Fundi tukae mezani kama watu wastaarabu, nimkatie yeye kwanza. Nimefunua bati la kuokea, mvuke ukanipiga usoni, na kabla sijatafuta kisu nikawa nimemega ukingo kwa mkono, nikamega tena. Robo yote imekwisha nikiwa bado nimesimama, chengachenga kifuani. Njaa haikuningoja niketi.